Kioo cha Mbele na Tamaa ya Kula Bima

Wanangu mnaonunua magari ya kwanza, nawaona. Gari limetoka bandarini juzi, ushuru umelipwa kwa mkopo wa SACCOS, na kwa kuwa mkopeshaji kalazimisha, mmekata bima kubwa. Miezi inapita bila ajali, bila mwizi, bila moto, na moyo unaanza kunung'unika: laki saba zangu zimekwenda wapi? Siku lori likikurushia kokoto pale Chalinze, kioo cha mbele kikapata alama ndogo yenye umbo la nyota, badala ya kusikitika unatabasamu. Umepata njia ya kula bima.

Tabasamu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimekaa upande wa pili wa meza, upande wa kupokea madai, mpaka mvi zikanijaa, na nawaambia wazi kwamba ajali kubwa hazikuwa zikinisumbua sana. Gari limepinduka, ripoti ya polisi ipo, mkaguzi amekwenda kuliona, kilichobaki ni hesabu. Vitu vilivyokuwa vikimaliza muda wetu, vikigombanisha wateja na mawakala, na vikiwaachia vijana doa kwenye kumbukumbu zao wakiwa bado wabichi, ni vioo.

Kwanza jueni mmenunua nini. Bima ndogo, ile ambayo kwa gari binafsi tumeilipia 118,000 pamoja na VAT kwa miaka mingi, inamlinda yule uliyemgonga na mali yake. Kioo chako haikijui. Enzi zile walikuja vijana na vipande vya kioo ndani ya mfuko wa rambo, wakapanga foleni tangu asubuhi, na ikawa kazi yangu kuwaambia warudi nyumbani. Ukiwa na bima ndogo, usipoteze nauli.

Bima kubwa ndiyo inayogusa gari lako mwenyewe. Ada yake hukokotolewa kwa thamani ya gari, na kiwango tulichokizoea nchini kwa gari binafsi ni asilimia 3.5. Gari la milioni 20, ada ni 700,000 kabla ya VAT. Ndani ya hati hiyo mara nyingi kuna kifungu kidogo cha vioo kinachojitegemea, chenye kikomo chake cha fedha. Ukidai kioo peke yake, ndani ya kikomo hicho, kwa kawaida hukatwi eksesi, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, na punguzo lako la kutokudai haliguswi. Jirani zetu Kenya, kampuni nyingi huweka kikomo cha shilingi 30,000 za kwao bila malipo ya ziada, na anayetaka zaidi huongeza asilimia kumi ya kilichozidi. Kwetu vikomo vinatofautiana kutoka kampuni hadi kampuni. Zipo pia hati ambazo kifungu chenyewe hakimo kabisa, kwa sababu mteja alimwambia wakala "nishushie kidogo bwana", na wakala akashusha kwa kukata pale anapopajua yeye.

Hapo ndipo ninapowaomba msome. Hati ya bima inachosha, nakubali, na sijui ni nani aliyewafundisha wanaoziandika kwamba sentensi lazima ichukue ukurasa. Lakini kifungu cha vioo hakizidi aya moja. Kitafute kabla ya kulipa, uone kikomo ni shilingi ngapi, kinahusu kioo cha mbele tu au na vya pembeni, na ukishadai mara moja kikomo kinarudi chenyewe au unalipia upya mpaka hati iishe. Hilo la mwisho limewakuta wengi. Kioo cha kwanza kimelipwa Machi, cha pili kimepasuka Septemba, na kumbe kikomo kilishaliwa chote.

Halafu kuna hili la simu. Kijana kasoma kwenye simu kwamba dai la kioo halipandishi bima, anakuja kifua mbele. Alichosoma kimeandikiwa madereva wa Uingereza. Kule, kuziba ufa mdogo ni huduma ambayo kampuni nyingi huitoa bure au kwa mchango mdogo tu wa mteja, na madai ya vioo kwa kawaida hayagusi punguzo. Ukitaka kioo kizima kibadilishwe, mchango wako unapanda mara kadhaa. Wamepanga bei zao makusudi ili dereva azibe mapema, maana kuziba ni nafuu kwa kila mtu. Hati nyingi nilizozishika mimi ziliandikwa kwa kukifikiria kioo kilichovunjika. Kilichodonolewa na kokoto hakikumjia mwandishi akilini. Kwa hiyo mnabeba maneno ya London kwenda nayo kwenye kaunta ya Posta, mnashangaa yule binti wa mapokezi anawaangalia.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa vijana wa leo mnaiamini hesabu kuliko wazee. Namba nitakazotaja ni za mfano, weka zako mwenyewe. Tuseme gari ni lile la milioni 20, ada 700,000, na umetulia miaka kadhaa bila kudai hadi punguzo lako limefika asilimia 20, yaani 140,000 kila mwaka. Tuseme tena kwamba kifungu cha vioo hukununua, au kioo kimepasuka pamoja na taa na kipande cha bampa, hivyo dai lako linaingia kama dai la kawaida la ajali. Kioo na vinginevyo ni 350,000. Eksesi ni 150,000. Unalipwa 200,000, unashukuru Mungu, unanunua soda za ofisi nzima.

Mwaka unaofuata punguzo limefutwa. Unalipa 140,000 zaidi ya ambavyo ungelipa. Mwaka wa pili punguzo limeanza tena kupanda, limefika asilimia 10, bado unazidisha 70,000. Jumla umerudisha 210,000 kwa ajili ya 200,000 uliyopokea. Nauli, siku za kazi ulizoomba ruhusa, na simu ulizompigia wakala hazimo humo. Hapo sijaongeza kwamba kampuni, ikikuona na madai mawili matatu madogo kwa mwaka, inaweza kukupandishia eksesi au kukupunguzia kikomo cha vioo wakati wa kuhuisha. Haikuchukii. Inaangalia ada uliyoingiza na fedha ulizolipwa, basi.

Sisemi usidai. Kioo kikisambaratika na kifungu kipo, dai, ni haki yako na umeilipia. Ninachosema ni kwamba kila dai ukilipime kwa karatasi kabla ya kujaza fomu, na madonda madogo uyamalize kwa fedha yako mwenyewe. Fundi mwenye mashine halisi ya kuziba atakutoza sehemu ndogo tu ya bei ya kioo kipya.

Tena uyamalize upesi. Kioo cha mbele si ndugu wa vya pembeni. Vya pembeni vimepashwa moto mkali vikapozwa ghafla; vikipigwa vinamwagika vyote kwa mkupuo. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Asili yake ni mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliyeangusha chupa ya maabara mwaka 1903 akashangaa imepasuka bila kutawanyika, kwa kuwa ndani ulibaki utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 akaandikisha hataza yake. Kwa hiyo kokoto ikipiga, mara nyingi linaloumia ni tabaka la nje tu. Fundi ananyonya hewa iliyoingia kwenye tundu, anasukuma ndani rezini maalumu, anaikausha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, anasugua juu. Ni kazi ya kama nusu saa. Alama haitoweki kabisa, ila ufa hausogei tena.

Lakini kazi hiyo ina mipaka. Mafundi wengi watakubali tundu lisilozidi sarafu na ufa usiozidi sentimita 15 hivi, usiofika ukingoni mwa kioo. Ikiwa alama iko sawasawa mbele ya macho ya dereva, fundi mwaminifu atakataa, kwa sababu rezini nayo hupindisha mwanga, na usiku taa za gari linalokuja zitakutawanyikia usoni. Ile methali ya ufa na ukuta mliisoma mkiwa darasa la tatu, siirudii. Gari limeshinda juani Dodoma, unaingia unawasha AC mpaka mwisho, hewa yote inaelekea kwenye kioo. Au kijana wa kuosha magari anakimwagia maji baridi saa saba mchana. Au unakamata barabara ya vumbi yenye mawimbi, gari zima linatetemeka. Ufa uliokuwa sentimita mbili asubuhi, jioni umevuka usukani. Hapo kuziba kumekwisha, sasa ni kubadilisha, na kama kuna trafiki mwenye macho, ni 30,000 nyingine kwa kosa la ubovu wa gari.

Kokoto ikishapiga, simama pahali salama, piga picha, kisha bandika selotepu angavu juu ya tundu ili vumbi na maji visiingie. Rezini haishiki kwenye uchafu. Usipake supagluu. Nimeona vioo vilivyokuwa vinazibika vikiharibiwa na supagluu ya mia tano.

Na lori lenyewe? Wengine hulifukuza hadi Morogoro wakitaka dereva awalipe. Kama lilibeba kokoto bila turubai na zikakudondokea, una hoja, ukiwa na namba zake na shahidi, maana bima yake ndogo inahusika na mali ya mtu mwingine. Kama jiwe lilirushwa na tairi kutoka barabarani, utalithibitishaje? Ni heri kubaki nyuma umbali wa kutosha. Na usilipite lori kwa hasira ya kioo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnanong'onezana mkidhani wazee hatulisikii. Kijana ana ufa wa zamani. Anakata bima kubwa leo, anakaa wiki tatu, anakuja kudai. Mwingine ana alama ndogo isiyolipwa, basi rafiki yake anakimaliza kioo kwa nyundo ili dai liwe la kueleweka. Mwingine anakubaliana na fundi kwamba kioo cha mtumba cha laki moja na nusu kiandikwe kipya cha laki nne.

Mnadhani mkaguzi hajui. Kokoto inayotoka nje inaacha kishimo nje ya kioo. Ukipitisha ukucha unanasa. Nyundo iliyopigwa kutoka ndani inaacha kishimo ndani. Ufa uliotokana na joto au na kioo kilichobanwa vibaya wakati wa kufungwa huanzia ukingoni na hauna kishimo chochote. Ufa mpya unang'aa. Wa zamani una mstari wa uchafu ndani yake ambao hakuna sabuni inayoufikia. Siku ulipokata bima gari lilipigwa picha, na picha zile hazikutupwa. Kuhusu risiti, kampuni inataka ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na bei za vioo vya Toyota za pale Gerezani hazihitaji kwenda chuo kuzijua.

Ukikamatwa, dai linakataliwa. Hilo ndilo dogo. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili, na uongo wa kioo cha laki tatu unaweza kuipa kampuni sababu ya kuuvunja mkataba wote wa gari la milioni 20. Ukienda kwingine, fomu ya maombi itakuuliza: je, umewahi kukataliwa bima au dai? Hapo una mawili, kusema kweli na kulipa zaidi, au kudanganya tena.

Kuna uongo mwingine ambao hamuuiti uongo. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, lakini kuanzia saa kumi na moja alfajiri linabeba abiria wa Bolt. Jiwe likipiga kioo ukiwa na abiria nyuma, swali la kwanza la mkaguzi halitakuwa kuhusu jiwe. Kata bima ya biashara. Ni ghali zaidi, najua, na najua mafuta yamepanda.

Msidhani kwamba wanaokula bima kwa vioo wanaikomoa kampuni peke yake. Florida, huko Marekani, sheria inasema mwenye bima kubwa hakatwi mchango wowote kwa uharibifu wa kioo cha mbele. Ni sheria nzuri, ya kumlinda dereva. Wakajitokeza wenye karakana wakiwafuata watu hadi kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari, wakiwapa zawadi ili wakubali kubadilishiwa vioo, kisha wanawasainisha haki ya dai na kwenda kuishtaki kampuni ya bima kwa bei walizojipangia. Kesi zikawa maelfu. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya kupiga marufuku zawadi hizo na kule kuhamisha haki ya dai kwa karakana. Fedha zote za kesi na mawakili zilikuwa zikitoka kwenye ada za madereva, wakiwemo ambao vioo vyao havijawahi kuguswa na hata mchanga.

Tuseme sasa kioo lazima kibadilishwe. Msiende na kikomo cha zamani kichwani. Gari la siku hizi kutoka Japani, hasa Subaru zenye EyeSight na Toyota za karibuni, lina kamera nyuma ya kioo, juu karibu na kioo cha kuangalizia nyuma, inayosoma mistari ya barabara na gari lililo mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera inatakiwa kupimwa upya kwa mashine. Ikikaa pembe tofauti kidogo, breki ya kujifunga yenyewe inaweza kufunga pasipo sababu, au isifunge inapohitajika. Kipimo hicho kina gharama yake, na kikomo cha vioo kilichoandikwa kwa kufikiria Corolla ya zamani hakitoshi. Ikiwa kikomo ni 500,000 na kioo pamoja na kupima kamera ni 1,400,000, unaongeza 900,000 kutoka mfukoni. Kabla ya kuhuisha bima, nenda ukaulize bei ya kioo cha gari lako, kisha nunua kikomo kinacholingana. Nyongeza ya ada ni ndogo ukilinganisha na pigo hilo.

Hapohapo angalieni thamani mliyoandikisha. Wengi mnaishusha ili ada ishuke. Gari la milioni 20 likiandikwa milioni 12, dai la kawaida linaweza kulipwa kwa uwiano huohuo, asilimia 60, na kilichobaki ni chako.

Kwa fundi, msikimbilie bei. Kioo cha mbele kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria inapofumuka huegemea kioo hicho. Gundi nyeusi inayokishika inahitaji saa kadhaa za kukauka kabla gari halijaondoka, na fundi anayekwambia "twende tu, itakauka njiani" anakudanganya. Kioo cha mtumba kilichong'olewa kwenye gari jingine kinaweza kuwa na nyufa za ukingoni zisizoonekana. Na bima ikilipa, uliza mapema: kampuni italipia kioo cha aina gani, cha kiwandani au cha kuiga? Ukisubiri kuuliza kikiwa tayari kimefungwa, umechelewa. Baadaye usisahau kuandika tena namba ya gari kwenye kioo kipya, kama ulivyoandika kwenye vingine kuwakimbia wezi. Zamani tulikuwa na taabu nyingine, stika ya bima ilibandikwa kwenye kioo hichohicho. Kikivunjika, na ushahidi wa bima umevunjika, unamweleza trafiki mpaka koo linakauka. Siku hizi anaangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na taabu hiyo imetupungukia.

Mwaka wa bima ukiisha, mtahamia kampuni nyingine, kijana hakai mahali pamoja. Fomu itawauliza madai ya nyuma. Andikeni na la kioo, hata kama lililipwa bila kugusa punguzo. Mara nyingi halitawapandishia kitu. Likifichwa likagundulika siku ya ajali kubwa, mtakuwa mnajadiliana na watu wenye hati mkononi na hamu ndogo ya kuwahurumia. Na mwombeni wakala wa zamani barua inayothibitisha punguzo lenu, kwa sababu kampuni mpya haitaliamini kwa maneno.

Kampuni ikikataa dai unaloamini ni halali, usimtukane binti wa mapokezi. Andika barua kwa kampuni, uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, au wakijibu usiporidhika, ipo TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambaye si lazima umwendee na wakili. Beba hati, fomu ya dai, risiti ya EFD, na picha. Picha ziwe zimepigwa kabla fundi hajakigusa kioo, moja ikionyesha namba ya gari, nyingine kishimo kwa karibu na sarafu ya shilingi mia pembeni yake.